KUUNGA KOMPYUTA YA CHAMA NA INTANETI

Katibu wa chama cha msingi cha Mishamo, Karema au Inyonga anapotakiwa kuingiza taarifa za chama katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika (MUVU) wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, hana budi kupata intaneti. Asipoweza kuiunga kompyuta ya ofisi, husafiri hadi Mpanda mjini na kumtajia mwenye duka la uchapaji neno la siri la chama. Hivyo nauli hutoka katika fedha za wanachama, na siri ya chama hubaki kwa mtu asiyewajibika kwa Mkutano Mkuu.

Vyama vingine vina kompyuta kuukuu zinazoendeshwa kwa Linux, programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Linux haidai ada ya leseni, lakini wengi huiogopa wakidhani kwamba kuiunga na intaneti ni kazi ya mafundi. Zamani hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwani mtumiaji aliandika maagizo yote ya simu kwa mkono. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilitungwa huko Canada programu ya WvDial, iliyoyakisia mengi ya maagizo hayo yenyewe. Mwaka 2004 ikaanza NetworkManager, ambayo leo humwongoza mtumiaji kwa maswali machache.

Yafaa ieleweke kwamba modemu ndogo inayochomekwa kwenye kompyuta hufanya kazi ya kupiga simu. Ili simu hiyo ipokelewe, yahitajika mambo matatu: namba ya kupigwa, ambayo kwa modemu nyingi ni *99#, jina la mlango wa kampuni ya simu, linaloandikwa kwa herufi APN, na jina la mtumiaji pamoja na neno lake la siri, endapo kampuni inayataka. Mambo haya hayatofautiani sana na yaliyomo katika stakabadhi ya mazao: yanakwenda wapi, yanapitia wapi, na ni ya nani.

Hatua za kufuata ni hizi:

1. Chomeka modemu yenye kadi ya simu, kisha subiri kama dakika moja. Modemu nyingi hujionyesha kwanza kama diski, na Linux huzigeuza baadaye kuwa modemu.

2. Fungua sehemu ya mitandao, uchague muunganisho wa simu za mkononi.

3. Chagua Tanzania, kisha kampuni iliyotoa kadi. Programu itajaza namba na mlango kutoka katika orodha yake. Kampuni isipoonekana, uliza APN kwa wakala wake na uiandike mwenyewe.

4. Kadi ikidai namba ya siri, iandike kwa uangalifu. Ukikosea mara tatu kadi hujifunga.

Muunganisho ukikataa, usibadilishe kila kitu kwa pamoja. Tazama kwanza kama modemu imetambuliwa, pili kama kuna mawimbi ya simu, tatu kama kifurushi hakijaisha, na mwisho kama APN ni sahihi.

Penye simu ya kisasa ipo njia nyepesi zaidi. Iunge kwa waya wake, kisha ruhusu ndani ya simu intaneti ipite kwenye waya huo. Kwa kawaida Linux huipokea kama mtandao wa waya, bila kuuliza APN. Kwa njia zote mbili, zuia kompyuta isijipakulie masahihisho yenyewe, maana hayo humaliza kifurushi kabla taarifa haijatumwa.

Kazi ya mwisho ni ya Bodi. Namba, jina la mlango na hatua zilizotajwa ziandikwe katika daftari la ofisi, na watumishi wawili wazijue. Neno la siri la MUVU lisiandikwe humo. Chama kinachomtegemea kijana mmoja anayejua kompyuta kitarudi kwenye duka la uchapaji siku kijana huyo atakapohama. Bali chama chenye daftari hakitapungukiwa na kitu.