Hedifoni za kutafutia dhahabu: linda masikio ya kijana wako

Mama, kijana anayetoka Mang'ula kwenda Chunya na mashine ya kutafutia dhahabu huvaa hedifoni kutwa. Mashine hulia ghafla, hata kwa msumari tu. Chembe za kusikia zilizo ndani ya sikio zikifa hazioti tena.

Kwa hiyo usiangalie bei kwanza. Inayofaa hufunika sikio lote. Upepo ukizuiwa, hana haja ya kuongeza sauti. Vile vya simu vya kuchomeka sikioni vingi havizuii vizuri. Iwe na kitufe chake cha kupunguza sauti, na jeki iingie kwenye mashine yake, kwani zipo za milimita 6.35 na za 3.5.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto 75. Ukisikia mlio ukiwa umekaa kando yake, punguza.

Akitafuta vyuma mashambani karibu na Hifadhi ya Udzungwa, aache sikio moja wazi. Tembo hapigi honi.

Masikio yakivuma hadi kesho yake, mpeleke kituo cha afya. Usimtie mafuta ya moto sikioni.