Kuukosoa Umormoni kwa Haki (3)

Katika sehemu zilizopita tulieleza chimbuko la Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo Joseph Smith alilianzisha huko New York mwaka 1830 na ambalo wengi hulijua kuwa la Wamormoni. Leo tunazungumza na wanaotaka kulikosoa. Kulikosoa si kosa. Kosa ni kuyakatakata maneno ya watu mpaka yaseme wasichokisema.

Chanzo wanachokipenda sana wapinzani ni Journal of Discourses, juzuu 26 za hotuba zilizochapishwa Liverpool kuanzia 1854 hadi 1886. Hotuba hizo ziliandikwa kwa hati mkato viongozi wakihubiri, kisha zikahaririwa. Watafiti waliozirudia hati mkato zenyewe wamekuta tofauti kati ya kilichonenwa na kilichochapwa. Tena kanisa haliziweki miongoni mwa maandiko yake matakatifu. Thamani yake kama ushahidi wa mahubiri ya zamani ni kubwa, lakini haifai kumtwika muumini wa leo sentensi ya karne ya 19 kana kwamba ndiyo imani yake.

Chukueni suala linalotuuma sisi Waafrika. Mwaka 1852 Brigham Young, aliyeliongoza kanisa baada ya Smith, alitangaza kwamba wanaume weusi wenye asili ya Afrika hawaruhusiwi kupewa ukuhani. Katazo hilo liliondolewa Juni 1978, na mwaka 2013 kanisa lilizikana hadharani nadharia zilizotumika kulitetea. Anayemnukuu Young akanyamazia 1978 anadanganya. Anayetaja 1978 akaificha miaka 126 iliyotangulia naye anadanganya, na huyo wa pili nimemkuta mara nyingi vilevile.

Mfano wa uaminifu ninaouheshimu kuliko yote unatoka kwa mpinzani. Jerald Tanner wa Salt Lake City, pamoja na mkewe Sandra, alitumia maisha yake kulipinga kanisa hilo kwa maandishi. Mwanzoni mwa 1984 zikaenea habari za barua iliyodaiwa kuandikwa mwaka 1830 na Martin Harris, mfuasi wa mwanzo wa Smith. Ilisimulia kuwa pale palipofukiwa mabamba ya dhahabu, ambayo Smith alisema alikitafsiri Kitabu cha Mormoni kutoka humo, alitokea salamanda mweupe, mnyama afananaye na mjusi, akageuka roho. Kwa mpinzani hiyo ilikuwa silaha tosha: dini nzima ingeonekana ni uganga. Tanner aliisoma, akaona inafanana mno na kitabu cha E. D. Howe cha mwaka 1834 kilichoupinga Umormoni, na mwezi Machi akachapisha mashaka yake, wakati wasomi waliobobea wakiiamini.

Aliyeiuza barua hiyo, Mark Hofmann, alikuwa mghushi. Oktoba 1985, akihofia kufichuliwa, aliua watu wawili kwa mabomu. Wachunguzi walipoutazama wino wake kwa hadubini waliona nyufa zisizoonekana katika nyaraka halisi za zama zile. Alikiri mwaka 1987 na akafungwa maisha.

Lipo pia suala la sheria. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1976 inaruhusu kunukuu bila kibali kwa ajili ya uhakiki, ila mahakama hupima lengo, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa na athari kwa soko la mwenye kazi. Mwaka 1999 akina Tanner hao hao walishtakiwa na kampuni inayoshika hakimiliki za kanisa kwa kuweka mtandaoni sehemu za kitabu cha mwongozo wa viongozi, na hakimu akawazuia. Kwa maoni yangu mwongozo unaotawala maisha ya waumini haukupaswa kufichwa, na mwaka 2020 kanisa lenyewe liliuweka wazi wote.

Basi ndugu mwandishi, kabla ya kunukuu soma hotuba nzima, taja msemaji, mwaka na mahali, kisha ueleze kanisa linajibu nini leo. Nyaraka za Joseph Smith zimo mtandaoni bure, na Kitabu cha Mormoni kipo kwa Kiswahili. Hakuna udhuru wa kunukuu kwa kusikia.