Dola Ipi Iliyomtuma?

Ndugu askari, jioni moja huku Bugarama wenzetu wawili, mmoja wa jeshi na mmoja wa polisi, walibishana hata chai ikapoa. Kisa kilikuwa sinema ya kauboi, "Kwa Konzi ya Dola", iliyotengenezwa na Mwitaliano Sergio Leone mwaka 1964. Afande wa polisi alishikilia kwamba yule mgeni mwenye blanketi begani ametumwa na serikali. Mwanajeshi akaapa kwamba hakutumwa na mtu: aliingia mjini juu ya baghala, akafuata fedha.

Wote wawili walisema kweli. Mwanajeshi aliiona zamani katika televisheni, kwa Kifaransa, kama ilivyotoka mikononi mwa Leone. Afande aliitazama katika diski, na katika diski hiyo mlikuwa na kipande ambacho Leone hakukipiga kamwe.

Televisheni ya Marekani iitwayo ABC ilipotaka kuionyesha sinema hiyo katika miaka ya 1970, iliona vigumu kuingiza sebuleni kwa watu shujaa auaye kwa malipo asiadhibiwe. Monte Hellman akapewa kazi ya kutengeneza utangulizi wa dakika nne na ushei. Humo ofisa wa serikali, aliyeigizwa na Harry Dean Stanton, anampa mfungwa sharti: akausafishe mji wa San Miguel, naye atasamehewa. Clint Eastwood hakuwapo. Mtu mwingine alivaa nguo kama zake, na uso wa Eastwood ukachomekwa kutoka vipande vya zamani.

Baada ya hapo kila risasi ni ile ile, na wafu ni wale wale, lakini muuaji wa kukodiwa amekwisha geuka mjumbe. Mtu wa dola za kuhesabiwa amekuwa mtu wa Dola yenye bendera. Kwa raia huenda hilo ni jambo dogo. Kwenu ninyi mnaotia sahihi kabla ya kukabidhiwa bunduki, ndilo swali lenyewe: nani aliamuru? Nami nakiri kwamba mgeni wa Leone ananitisha kidogo kuliko huyu wa ABC. Yule wa kwanza angalau anajua kwamba hana ruhusa.

Sinema hizi za Waitaliano, ambazo watu wamezibandika jina la tambi kwa ajili ya chakula chao, ziliuzwa mara nyingi kwa sura zaidi ya moja. Sergio Corbucci alimaliza "Il grande silenzio" ya mwaka 1968 kwa maangamizi: shujaa bubu anauawa, na wauaji wanaolipwa kwa kila kichwa wanaondoka salama, sheria ikiwa upande wao. Kwa masoko mengine akapiga mwisho wa pili, ambamo sherifu tuliyedhani amezama chini ya barafu anarudi juu ya farasi na kuokoa watu. Yaani polisi yu hai au amekufa kwa kutegemea mahali uliponunua tiketi!

Sauti nazo hubadilika. "Il buono, il brutto, il cattivo" ya mwaka 1966 ilipunguzwa kwa soko la nje. Vipande vilirudishwa kwa Kiingereza mwaka 2003, Eastwood na Eli Wallach wakaitwa kutia sauti. Wallach alikuwa na miaka 87. Lee Van Cleef alikwisha fariki mwaka 1989, ikabidi mwingine amsemee. Ukitega sikio utamsikia mzee akinena katika kinywa cha kijana.

Jumamosi iliyofuata wale wenzetu waliitazama diski pamoja. Mwanajeshi aliomba utangulizi urukwe. Afande akakataa.