Alama Zisizofutika kwenye Kioo cha Simu

Alama hafifu ya kibodi, ya saa au ya ukanda wa ramani, inayobaki kwenye kioo cha simu hata baada ya programu yake kufungwa, huwapata hasa watu ambao simu zao hukaa wazi kutwa kucha, na katika kisiwa cha Mombasa madereva wa tuktuk na wa teksi zinazoitwa kwa programu ni miongoni mwao. Alama hiyo si uchafu wala maji yaliyoingia ndani, bali ni uchakavu usio sawa wa kioo chenyewe, na kwa sababu hiyo haifutiki.

Chanzo chake kimo katika muundo wa vioo vya OLED, ambavyo msingi wake uliwekwa na Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak katika utafiti waliouchapisha mwaka 1987. Kioo cha LCD huangazwa na taa iliyo nyuma yake, lakini katika OLED kila pikseli, yaani nukta moja ya picha, ina vijitaa vya rangi nyekundu, kijani na samawati vinavyowaka vyenyewe umeme unapopita katika kemikali zake. Kemikali hizo hupungua nguvu kadiri zinavyotumika, na zile za samawati huchoka mapema zaidi. Kwa hiyo mahali palipowaka picha ileile kwa muda mrefu hufifia kuliko pengine, kama leso iliyoachwa juani ikiwa imekunjwa, ikapauka upande mmoja tu.

Mazingira ya Mombasa huharakisha uchakavu huo. Dereva anayechukua abiria Mwembe Tayari kuelekea feri ya Likoni huiweka simu mbele yake, na jua kali humlazimu kupandisha mwangaza hadi mwisho, huku ukanda wa maelekezo ulio juu ya ramani na ule wa muda uliobaki chini yake ukikaa palepale hata barabara zinapobadilika. Akiingia Mji wa Kale, ambako majumba ya Ndia Kuu huweka kivuli, mwangaza huo hauhitajiki tena, lakini kama aliupandisha kwa mkono hubaki vilevile. Joto la kaskazi nalo huongeza madhara, kwani kemikali hizo huchakaa haraka zaidi zikiwa na joto. Apple, kwa mfano, huelekeza iPhone zitumike penye joto lisilozidi nyuzi 35 za Selsiasi.

Ili kutambua kama kasoro ni ya kioo au ya programu, inatosha kupiga skrinshoti na kuitazama kwenye simu nyingine, kwa kuwa alama ya kioo haitaonekana huko. Vioo vya LCD navyo huweza kubaki na kivuli cha picha, ila hicho kwa kawaida hutoweka simu ikipumzishwa. Video zenye kumetameta rangi, zinazosifiwa kuwa ni dawa, huweza kuondoa kivuli cha muda kama hicho, lakini haziwezi kurudisha kemikali zilizokwisha kuchakaa, na kuziacha usiku kucha ni kukichosha kioo kizima bure.

Kinachosaidia ni kuchelewesha uchakavu: kushusha mwangaza kila penye kivuli, kutumia mandhari meusi, kuficha vitufe vya chini, na, kwa dereva anayeijua mitaa, kusikiliza maelekezo kwa sauti huku kioo kimezimwa. Alama ikishatokea, tiba pekee ni fundi kubadilisha kioo, na hapo mteja hana budi kuuliza anawekewa cha aina gani, maana kioo cha LCD kikiwekwa badala ya OLED huwa cha bei nafuu, lakini mara nyingi ni kinene zaidi, na kisomaji cha alama za vidole kilichokuwa chini ya kioo huacha kufanya kazi. Simu yenye alama hafifu bado hupiga na hutuma pesa kama kawaida, hivyo asiyesumbuliwa nayo hana haja ya kuingia gharama hiyo.

Anayenunua simu iliyotumika, kabla ya kutoa pesa, na aifungulie ukurasa mtupu wa rangi ya kijivu, kisha wa samawati, akiwa kivulini, na aukague kuanzia ukingo wa juu hadi wa chini.