KELELE SI USHETANI: Nani atatunza sauti za kibanda umiza?

  

Leo nimeamua kumwaga mchele kwenye kuku wengi. Hapa Dar kuna watu wana tabia moja mbaya. Wakikukuta unasikiliza gitaa linalonguruma kama lori la mchanga, au unatazama mkanda ambao mtu anakatwa kichwa dakika ya tano tu, basi wameshakupa cheo: Freemason. Hujaulizwa, hujajitetea, umeshasajiliwa! Na ukivaa fulana nyeusi yenye picha ya fuvu ndiyo umekwisha. Kwenye daladala wanakuachia siti nzima.

Mimi ni shabiki wa vitu hivyo viwili, metali kali na mikanda ya kutisha na ya mapigano, na ninaishi Buguruni. Sijawahi kunywa damu. Supu ya utumbo inanitosha. Hoja yangu ni hii: kinachotisha hakina nguvu pale penye mtu wa kukipigia kelele. Sisi uswahilini tulikuwa na watu wa kazi hiyo, tena mafundi hasa, na sasa tunawaacha wapotee hivihivi.

GITAA LA FUNDI CHUMA

Siku moja nilikuwa nasikiliza metali ndani, mama akaja akasimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Mwanangu, huyo anaimba au anachinjwa?"

"Anaimba, mama."

"Haya. Akimaliza kuchinjwa njoo uniteke maji."

Simlaumu mama. Lakini hebu jiulize, Buguruni nani anaogopa kelele? Malori ya kwenda bandarini yanapita Barabara ya Mandela usiku kucha. Treni ikipita kwa Mnyamani inapiga honi mpaka vikombe vinacheza kabatini. Mafundi wanachomelea mageti, wanakata nondo, wanagonga mabodi ya magari. Huo muziki wote tunaulalia na kuuamkia, wala hakuna aliyeuita wa shetani.

Sasa sikiliza mkasa huu. Metali yenyewe imezaliwa mahali kama hapo. Tony Iommi alikuwa kijana wa Birmingham, Uingereza, mji wa viwanda. Akiwa na miaka 17 alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha bati, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye alikuwa anapiga gitaa kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo vidole vilivyokatika ndivyo vya kubana nyaya. Mwingine angeliuza gitaa akanywea pombe. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vikofia vya vidole, akafunga nyaya nyembamba, na baadaye akazilegeza. Ikatoka sauti nzito, ya chini, inayotambaa. Huo ndio mzizi wa hevi metali. Uganga hapo uko wapi? Ni ajali ya kazini, na fundi aliyekataa kushindwa.

Na jina la bendi yao je? Black Sabbath walilichukua kwenye mkanda wa kutisha wa Mtaliano Mario Bava wa mwaka 1963. Waliona watu wanalipa pesa ili watishwe, wakajisemea: kwa nini na sisi tusipige muziki wa kutisha? Albamu yao ya kwanza ikatoka Februari 13, 1970, siku ya Ijumaa, tarehe ambayo Wazungu wanaiona ya mkosi. Kwa hiyo ndugu yangu, metali na mikanda ya kutisha ni mtu na dada yake tangu siku ya kwanza. Mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, alifariki dunia Julai 22, 2025, siku 17 tu baada ya kuwaaga mashabiki kwa onyesho la mwisho hapohapo Birmingham.

Sitetei kila kitu, msinielewe vibaya. Kule Norwei kuanzia mwaka 1992 baadhi ya vijana wa metali walichoma makanisa, na Agosti 1993 mmoja wao akamuua mwenzake kwa kisu. Hao ni wahalifu na nafasi yao ni jela. Lakini mwizi akikamatwa amevaa jezi ya Yanga, utasema Yanga nzima ni wezi? (Watu wa Simba msijibu hapo.)

UNAOGOPA METALI, SINGELI UNACHEZA!

Kinachonichekesha ni kwamba jirani anayenilaumu mimi, Jumamosi kwenye kigodoro yuko mstari wa mbele. Singeli inakimbia mapigo 200 mpaka 300 kwa dakika! Albamu ya Slayer ya mwaka 1986, Reign in Blood, inayosifiwa dunia nzima kwa kasi, haifiki hata dakika 30, na bado kuna singeli zinaiacha kwenye mataa.

Na tazama Kampala. Lebo ya Nyege Nyege Tapes mwaka 2017 ilitoa mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso ya Mburahati. Mwaka 2020 lebo hiyohiyo ikatoa albamu ya Duma, vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, wanaopiga metali iliyochanganywa na mashine mpaka unajishika kichwa. Wenye masikio yao waliona singeli na metali ni watoto wa uwanja mmoja. Anayepiga yowe la metali na MC wa singeli wanafanya kazi moja: wanapaza sauti kwa niaba ya wewe uliyebanwa na kodi ya nyumba, na ukitoka pale umepumua.

POPOBAWA HAKULETWA NA VIDEO

Wapo wanaosema mikanda ya kutisha imetuletea mambo ya ajabu yasiyo yetu. Thubutu! Bibi zetu walitishwa na mumiani kabla ya video kuvumbuliwa. Mwaka 1995 popobawa alizuka Pemba, akavuma mpaka Unguja na huku Dar. Watu walilala nje kwa makundi, wameota moto, kila mmoja anamlinda mwenzake. Mwaka huohuo mjini Unguja, mgonjwa wa akili aliuawa na watu waliodhani ndiye popobawa.

Soma tena mstari huo. Hofu ya mtaani iliua mtu asiye na hatia. Hofu ya kwenye mkanda ina mwanzo na mwisho, taa zinawashwa, unanunua karanga, unarudi nyumbani. Ndiyo maana nasema mkanda mzuri wa kutisha ni kama jaramba la moyo. Unaizoea hofu ukiwa umekaa na washikaji, ili siku ikikukuta kweli usishike jiwe ukampiga jirani.

Watengenezaji wetu walilijua hilo. Miaka ya 2000 Mussa Banzi alitoa Nsyuka na Shumileta, mizimu na majini yanayoongea Kiswahili chetu, na watu wakahofia kutoka nje usiku. Hakuhitaji pesa za Hollywood. Hata Hollywood kwenyewe, John Carpenter alipotengeneza Halloween mwaka 1978, muuaji alivalishwa kinyago cha dukani kilichopakwa rangi nyeupe, na muziki Carpenter akautunga mwenyewe. Kinachotisha ni akili, pesa inasaidia tu.

LUFUFU NA WENZAKE

Sasa tuje kwenye kiini. Wewe uliyekulia uswahilini unakijua kibanda umiza. Mabenchi ya mbao, turubai jeusi la kuziba mwanga, feni moja inayozungusha joto, na ubao wa chaki nje: Leo saa 8, Komando. Ndani, kuna aliyevua shati, kuna anayetafuna miwa, na wote wanajua sheria kuu ya dunia: stelingi hafi.

Lakini Kiingereza cha stelingi nani alikuwa anakielewa? Kichina je? Hapo ndipo alipoingia mtafsiri. Kaka zetu wakubwa wakilitaja jina la Lufufu wanatabasamu wenyewe. Huyu ni Derek Gaspar Mukandala, mmoja wa waliotangulia kuifanya kazi hiyo Dar es Salaam. Alikuwa anatafsiri kwa mdomo mbele ya watazamaji, na baadaye akawa anaingiza sauti yake kwenye kanda zenyewe, zikauzwa na kusambaa.

Na hakuwa mkalimani wa mahakamani, eti neno kwa neno. Mtafsiri wa kibanda anakwambia jambazi kajificha wapi kabla stelingi hajajua. Anampa mzungu tabia za mtu wa Tandika. Anatia methali, anamsuta mwanamke msaliti, anamuonya kijana asiingie kwenye nyumba ile, na kijana akiingia anasema si nilisema! Pale kwenye mkanda wa kutisha, wakati giza limetanda na kila mtu kabana pumzi, sauti ya mtu wa nyumbani inakuja sikioni kwako inapiga soga. Zimwi likishasimuliwa kwa Kiswahili cha Buguruni linapungua urefu. Hiyo ndiyo kelele ninayoisema.

Kazi hii imeenea ukanda wote. Kenya wana DJ Afro, Uganda wanawaita ma-VJ. Na Uganda ndiko kwenye mfano unaoniuma. Mwaka 2010 Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, jamaa aliyewahi kufyatua matofali, alitoa mkanda wa mapigano unaoitwa Who Killed Captain Alex? Inasemekana haukugharimu hata dola 200. Bunduki za vyuma chakavu, helikopta za kompyuta, watu wanakufa kama kumbikumbi! Leo unatazamwa dunia nzima. Lakini nakala ya kwanza isiyo na maelezo ilipotea, kwa sababu kompyuta ilibidi ifutwe ipate nafasi ya kazi nyingine. Iliyobaki ni ile yenye sauti ya VJ Emmie, anayeshangilia na kutania mwanzo mpaka mwisho. Picha tupu imepotea, picha yenye sauti ya mtu imeokoka. Nani sasa atasema sauti ile ni takataka ya pembeni?

KANDA ZINALIWA NA UKUNGU

Sisi je? Kanda za VHS hazidumu. Joto la Dar na ukungu wa masika vinazimaliza moja moja ndani ya makabati na chini ya vitanda. Mtafiti wa Kijerumani, Matthias Krings wa Chuo Kikuu cha Mainz, amewaandika watafsiri wetu kwenye kitabu chake cha mwaka 2015. Mjerumani! Mainz wanajua Lufufu ni nani, halafu mtoto wa Rozana hajui.

Najua mtakaloniuliza: hizo si kazi za wizi? Ni swali halali. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inamlinda mwenye filamu, na kuitafsiri na kuiuza bila ruhusa yake ni kosa. Aprili 2017 wasanii wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa kiholela, na uchungu wao naujua. Msanii wetu anatumia jasho lake, halafu mkanda wa bure unamkalia kichwani.

Lakini kuuza ni jambo moja na kutunza ni jambo jingine. Sijasema turudishe biashara ile. Nasema sauti zile ni fasihi simulizi ya mji huu, sawa na ngonjera na hadithi za bibi. Zikikusanywa zikahifadhiwa Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanakofundisha sanaa, anayeibiwa ni nani? Na wazee wenyewe wahojiwe wangali na pumzi, waseme walijifunzaje, walilipwa nini, na kwa nini jambazi daima alikuwa na lafudhi ya mtu fulani.

Wewe msomaji una kazi ndogo tu. Nenda nyumbani, fungua lile kasha la baba au la mjomba. Ukikuta kanda, usiitupe na usiifanye mapambo ya kuku. Iandike jina, iweke pakavu, mtafute fundi mwenye deki ainakili. Usisubiri kamati.

Na ukitaka kuonja ninachokisema, anza na Predator ya mwaka 1987, ile ya Arnold msituni na kiumbe kisichoonekana. Kisha Evil Dead ya mwaka 1981, lakini usiangalie peke yako, na wadogo wapelekwe kulala kwanza, hiyo si ya watoto. Ukimaliza, piga Black Sabbath kwa sauti ya wastani, majirani wana haki zao. Kisha tafuta mtu mmoja anayejua kusimulia, mzime sauti ya luninga, mwambie: haya, tupe maneno. Utaona zimwi linavyoanza kuchekwa.

Ukiitwa Freemason, waambie wakuonyeshe hizo pesa, maana kodi ya mwezi huu bado. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.