Aliyepigwa na Umeme, Haki Yake i Wapi?

Mtu anapopigwa na umeme vijijini mwetu, neno la kwanza litokalo vinywani mwa jamaa ni kwamba yamekwisha kadiriwa. Nasi hatulipingi neno hilo, kwani ndiyo imani yetu. Tulipingalo ni lile lifuatalo nyuma yake, nalo ni kunyamaza: mkono ulioungua ukafungwa kitambaa, waya ukatupwa jalalani, na mwenye kosa akaenda zake salama. Kuridhika na kadari ni jambo moja, na kumsamehe mzembe deni lake bila hata kujua kwamba ni deni ni jambo jingine kabisa. Wanazuoni wa fiqhi wameandika milango mirefu juu ya diya na dhamana, na wakamtoza hata aliyedhuru bila kukusudia.

Leo twasema khasa na jamaa wa Kilosa na Mikumi, kwa kuwa umeme umewazunguka kuliko wengi. Njia ya kilovolti 220 kutoka mitambo ya maji ya Kidatu, iliyoanza kazi mwaka 1975, yapita pande za Mikumi kwenda Morogoro na Dar es Salaam. Kilosa nayo yapitiwa na reli mpya, ambayo treni zake zilianza kufika Dodoma mwaka 2024, na juu ya reli hiyo pana waya wenye volti 25,000. Tena umeme wa mpango wa Wakala wa Nishati Vijijini umeingia katika nyumba nyingi ambazo wazee wake walikulia kwenye kibatari. Huo wa nyumbani ni volti 230 tu, lakini zatosha kumwua mtu aliyesimama miguu mibichi.

Ajali ikitokea, izimwe kwanza swichi kuu, wala asiguswe mtu angali ameshikwa. Ikiwa ni waya wa nguzoni au wa reli, hapana fimbo itakayokuokoa: kaa mbali, uwazuie na watoto, na wenye waya waitwe waukate umeme. Kisha mgonjwa apelekwe hospitali hata akisema ni mzima, maana umeme huacha kidonda kidogo kwenye ngozi huku nyama za ndani zimeungua na moyo umetikiswa.

Hapo ndipo haki huanza kuhifadhiwa au kupotea. Polisi watoe fomu ya PF3 na daktari aijaze, ila matibabu ya haraka yasingojee karatasi. Piga picha ya nguzo, ya waya na ya soketi kabla fundi hajafika kutengeneza. Andika majina ya walioona. Na ikiwa waya ule ulikuwa umelegea tangu mwezi uliopita na mtu alikwenda kutoa taarifa, tafuta ni nani aliyeipokea na siku gani, kwa maana taarifa hiyo huenda ikawa ndiyo kesi yenyewe.

Twaeleza sababu. Mwaka 1868 mahakama kuu ya Uingereza iliamua kwamba mtu akiweka katika ardhi yake kitu cha hatari, nacho kikatoroka kikamdhuru jirani, hulipa hata kama hakuzembea. Kitu chenyewe kilikuwa maji ya bwawa yaliyofurika mgodi. Kanuni hiyo iliingia kwetu pamoja na sheria za Kiingereza zilizopokelewa Tanganyika mwaka 1920. Lakini anayesambaza umeme kwa idhini ya sheria huweza kujitetea kwa idhini hiyo, na hapo mdai hutakiwa kuonyesha uzembe. Kujua hatari na kuiacha ni uzembe ulio wazi.

Basi nani adaiwe? Kwa desturi mita ndiyo mpaka. Kosa likiwa upande wa nguzo, huelekea kwa TANESCO. Likiwa ndani ya nyumba, huelekea kwa mwenye nyumba au fundi aliyetandika waya. Hapa tuna neno na wenye nyumba za kupanga: fundi hutakiwa awe na leseni ya EWURA, na anayemwita kijana wa mtaani kwa sababu ni nafuu hujitwisha mzigo mzito. Daawa juu ya mwenye nyumba au fundi yaweza kufunguliwa Mahakama ya Wilaya ya Kilosa.

Daawa juu ya shirika la umma, kama TANESCO au Shirika la Reli, ina njia nyembamba, na wengi hupotea humo. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2020, yapasa kwanza kutoa notisi ya siku 90, kisha kumwunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kufungua shauri Mahakama Kuu, ambayo sasa iko Morogoro. Ipo pia njia isiyo ya mahakama: kulalamika kwa TANESCO yenyewe, na usiporidhika ukaenda EWURA. Lakini barua na mazungumzo havisimamishi saa. Madai ya madhara hufungwa baada ya miaka 3, na yale ya tendo linalosemwa kuwa limefanywa kwa nguvu ya sheria iliyoandikwa ni mwaka 1 tu. Hesabu mwaka 1, usihesabu 3.

Aliyeumia kazini, awe shambani au kwenye ujenzi, amwarifu mwajiri mara moja, ili madai yafike Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kabla ya miezi 12. Huko hahitaji kuthibitisha uzembe wa mtu.

Mahakama hailipi gharama za matibabu kwa kukisia. Kila shilingi ya dawa na ya nauli ya kwenda Morogoro yataka risiti, na risiti hizo, twasema kwa masikitiko, ndizo zitupwazo kwanza. Maumivu na ulemavu huo hakimu huupima mwenyewe. Asiye na fedha ya wakili awaendee wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya 2017. Hawasimami mahakamani, ila huandika barua na kuelekeza. Mtoto hudai kupitia mzazi wake. Na akifariki mtu, jamaa wateue msimamizi wa mirathi mapema katika Mahakama ya Mwanzo, kwani mjane na mayatima nao wana dai lao, na siku zao zaanza kuhesabiwa wangali kwenye eda na matanga.