Kiti cha Pweza Si Kimoja

Sisi watu wa pwani hatukuwa maskini wa majina. Nazi ina majina yake tangu kidaka, kitale, dafu na koroma hata ikawa nazi. Pepo zina yake, kaskazi na kusi, matlai na umande. Maji nayo yana yake, bamvua na maji mafu. Lakini mchukue yule mnyama wa baharini mwenye pembe tano, alalaye mchangani mithili ya nyota iliyoanguka, uwaonyeshe watu kumi wa forodhani. Wote kumi watakutajia jina moja tu: kiti cha pweza.

Jina hilo ni tamu, na ni letu. Taabu yake ni kwamba chini yake wamejificha viumbe wengi ambao hata si ndugu wa karibu. Wataalamu wamekwisha kuandika aina zinazokaribia 1,900 za nyota za bahari ulimwenguni, wakazigawa katika jamii nyingi. Leo ningependa tuitazame jamii moja tu, ile iitwayo Oreasteridae, kwa kuwa ni miongoni mwa zile tunazokutana nazo kila tushukapo pwani maji yakiwa yamekupwa.

Siku moja ya bamvua nilikuwa Kanamai, kaskazini ya Mombasa. Maji yalikuwa yamekupwa hata majani ya bahari yamelala. Katika muda wa saa moja niliwaona watatu wa jamii hii. Wa kwanza alikuwa wa kijivu, mgongo umejaa vinundu vyekundu kama pilipili, na kila kinundu kimeungwa na mwenziwe kwa mstari mwekundu, mfano wa wavu. Wa pili naye alikuwa na vinundu, lakini rangi yake ilikuwa hudhurungi iliyochanganyika na kijani. Wa tatu, karibu na mwamba, hakuwa na mikono kabisa. Alikuwa mnene, amevimba kama mto wa kulalia.

Kijana mmoja aliyekuwa akiwatembeza wageni aliwaeleza, bila ya kusita, kwamba yule mwekundu ni mke, wa hudhurungi ni mume, na yule mnene ni mke mwenye mimba. Wageni walifurahi mno. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza dema lake kando yetu alicheka, akasema: "Mwanangu, hao si mke na mume. Hao ni nyumba tatu za ukoo mmoja."

Naam, mzee alisema kweli. Dume na jike wa viumbe hawa hawatambulikani kwa kutazamwa kwa nje. Kila mmoja humwaga mbegu au mayai yake majini, na huko huko baharini ndiko mimba itungako. Yule wa vinundu vyekundu wataalamu humwita Protoreaster lincki. Wa pili ni wa mlango wa Pentaceraster. Na yule mnene ni Culcita schmideliana. Msomaji atafurahi kujua kwamba culcita ni neno la Kilatini, na maana yake ni godoro au mto. Mtaalamu wa Ulaya na mtu wa Kanamai walimtazama mnyama mmoja, wakakumbuka kitu kimoja!

Je, mtaalamu huijuaje nasaba ya mnyama asiye na kichwa wala ubongo? Sisi tukitaka kujua nasaba ya mtu hatuitazami kanzu aliyoivaa. Huuliza baba yake ni nani, na babu yake alikuwa wa mlango gani. Rangi ya nyota ya bahari ndiyo kanzu yake. Pentaceraster mmoja huweza kuwa wa kijani, mwingine wa kahawia, mwingine wa rangi ya machungwa, nao wote wakawa aina moja. Nasaba yenyewe imo katika mifupa.

Chini ya ngozi yake mna vibamba vidogo vya chokaa vilivyoshikana. Katika jamii hii vibamba hivyo ni vinene na imara, navyo hujengeka kama wavu. Katika matundu ya wavu huo hutokeza vidole vidogo vya ngozi ambavyo mnyama huvutia pumzi. Pembezoni mwa mikono mna safu za vibamba vikubwa zaidi. Basi mtaalamu huvitazama hivyo: vimepangwaje, vina miiba au havina, na miiba hiyo imeota mahali gani. Protoreaster lincki, kwa mfano, ana miiba mirefu inayotokeza ubavuni mwa mikono, kuelekea nchani. Jamaa yake wa bahari za Ufilipino na Indonesia, Protoreaster nodosus, hana miiba hiyo ya ubavuni.

Hata hivyo, kazi hii si nyepesi. Culcita anapokuwa mchanga huwa bapa, na pembe zake tano huonekana waziwazi. Akikua ndipo anapovimba, pembe zikapotea. Tofauti hiyo iliwababaisha hata wenye darubini. Palikuwa na wakati watoto wake walipewa majina mengine na kutiwa katika mlango mwingine, kana kwamba si watoto wake.

Wala tusidhani kwamba wenzetu walianza na elimu yote hiyo mkononi. Mwaka 1733 Johann Heinrich Linck, muuza dawa wa mji wa Leipzig nchini Ujerumani, alitoa kitabu kizima juu ya nyota za bahari. Mwaka 1758 Linnaeus wa Sweden, yule aliyeweka utaratibu wa kuwapa viumbe majina mawili mawili, alizikusanya nyota zote chini ya jina moja la Asterias. Yaani naye alikuwa na "kiti cha pweza" chake! Kisha Wafaransa waliofuatana na jeshi la Napoleon kwenda Misri mwaka 1798 wakachora viumbe wa Bahari ya Sham. Savigny, aliyezisimamia picha hizo, alipatwa na maradhi ya macho, asiweze kuikamilisha kazi yake. Maelezo yakaandikwa na Audouin, na humo, mwaka 1826, ndimo alimopata jina Pentaceraster mammillatus, ambaye yuko katika bahari yetu pia. Jamii yenyewe ilipewa jina la Oreasteridae na Mmarekani W. K. Fisher mwaka 1908. Mwaka 1916 Mjerumani Döderlein akaitenga milango ya Protoreaster na Pentaceraster. Leo jamii hii inahesabiwa kuwa na aina zipatazo 70, na nyingi zao zimo katika Bahari ya Hindi na ile ya Pasifiki.

Hapa msomaji na ajihadhari na jambo moja. Yule muuza dawa wa Leipzig amewapa jina lake viumbe wa jamii mbili. Mmoja ni huyu wetu mwekundu, lincki. Wengine ni wa mlango wa Linckia, wenye mikono myembamba mirefu, ambao ni jamii nyingine kabisa. Somo wako si lazima awe ndugu yako.

Pengine msomaji atauliza: haya yote yanatufaa nini sisi wenye kutafuta riziki? Yanatufaa, tena sana. Upande wa pili wa dunia, katika bahari ya Karibi, yuko jamaa mkubwa wa ukoo huu, Oreaster reticulatus, ambaye huweza kufikia nusu mita kwa upana. Watu walimpenda kwa uzuri wake, wakamwokota na kumkausha kwa mapambo hata akaanza kuadimika mahali pengi. Katika jimbo la Florida, Marekani, sheria imepiga marufuku kumchukua. Lakini sheria hiyo iliwezekana kwa sababu alikuwa anajulikana kwa jina lake, si kwa jina la wote. Asiyekuwa na jina, hata akitoweka, nani atajua kwamba hayupo?

Kwetu, anayeokotwa kwanza ni yule mwekundu, maana ndiye anayependeza. Huinuliwa juani apigwe picha, apitishwe mkono kwa mkono, na mwingine hukaushwa akauzwa. Nao hawakui upesi. Uchunguzi uliofanywa Ufilipino juu ya yule Protoreaster nodosus ulionyesha kwamba mwenye sentimita 10 tangu katikati hadi ncha ya mkono ana umri wa miaka 5 au 6, na mwenye sentimita 14 hukisiwa kuwa na miaka 17. Ukimkausha mkubwa mmoja kwa mapambo ya kabati, umekausha umri wa kijana aliye karibu kumaliza shule.

Hatari nyingine ni ya kumwadhibu asiye na kosa. Iko nyota ya bahari yenye mikono mingi na miiba ya sumu, ambayo mahali pengine imekula matumbawe maeneo kwa maeneo, na watu wakatoka kwenda kuiua. Hiyo ni Acanthaster, si wa ukoo huu. Mtu asiyejua kupambanua atamuua kila mwenye miiba, na Protoreaster atakuwa wa kwanza kufa. Wahenga walisema, usilolijua ni usiku wa kiza.

Tangu mwaka 1968 tunazo hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, ambamo hairuhusiwi kuwachukua viumbe hawa. Nje ya hifadhi, mlinzi ni mimi na wewe. Basi ukimwinua kiti cha pweza kumtazama, mrudishe papo hapo ulipomtoa, mdomo chini, kabla jua halijamuunguza. Na nyumbani kwako akiwapo mzee aliyevua miaka mingi, mwonyeshe hao watatu na umuulize yeye akiwaita nani na nani. Majina hayo, kama yako, yamo katika vichwa vya wazee wetu, na yakizikwa pamoja nao hatutayapata tena.